Ridhaa ya Mtani

Shahidi ni kidude kidogo kama kifungo cha koti, na watu waliokitengeneza hawakuwahi kutaniwa na mtu maisha yao yote. Nasema hivyo kwa sababu nimekivaa kifuani miaka sita. Kinasikiliza sauti ya mtu anayetoa ridhaa, kinapima kama ana hofu, kama amelewa, kama analia, kama kuna anayemsukuma, kisha kinatoa asilimia. Ikizidi themanini taa inakuwa ya kijani na sheria imeridhika. Wataalamu walikaa kwenye kumbi zenye viyoyozi wakakubaliana kwamba binadamu akiwa huru sauti yake hulegea. Hakuna aliyewaambia kwamba huku kwetu sauti hulegea zaidi pale mtu anaposema jambo ambalo hana nia nalo hata kidogo.

Siku aliyokufa Dismas Mkude nilikuwa nimekivaa.

Nilipanda Mgeta kwa gari la waya, lile linaloning'inia juu ya mabonde, saa mbili asubuhi, sanduku la barafu liko miguuni. Aliyenipigia simu ni Leokadia, binti wa marehemu, mwalimu wa hesabu mwenye miaka thelathini na minne. Tangu mwaka uliopita alikuwa mgonjwa wangu, kwa maradhi yaleyale ya baba yake.

"Daktari Kalunde, baba ameondoka saa kumi na mbili," alisema. "Mimi simo kwenye kuamua, unajua. Njoo tu."

Nilijua. Dismas alianza kuanguka miaka tisa nyuma, na alikuwa anaanguka kinyumenyume, bila kujikwaa popote. Halafu macho yakakataa kushuka. Mkulima wa Mgeta, ambako shamba ni ngazi na njia ya kwenda shambani ni ngazi, akawa hawezi kuiona miguu yake mwenyewe. Shingo ikakakamaa, uso ukaganda, akawa kama mtu aliyesikia harufu mbaya na hasemi. Kijiji kizima kikaamua kwamba Dismas amepata kiburi. Hasalimii, hakutazami, anakuangalia juu ya kichwa. Miaka yote hiyo watu wazima na akili zao walimnunia mgonjwa, na padri akamwekea mahubiri mazima kuhusu majivuno. Niliwadharau wote kwa hilo na bado nawadharau, ingawa chai yao nimeinywa sana.

Kilichokuwa kinamla ni tau. Kila mtu anayo kichwani. Ni protini inayoshikilia njia nyembamba ndani ya seli za ubongo, zile zinazopitisha mizigo kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Jeni lake ni moja, lakini mwili huikata taarifa ya jeni hilo na kuiunga kwa namna sita, kwa hiyo tunapata tau za aina sita: tatu zina marudio matatu ya kipande kinachoshika njia, tatu zina marudio manne. Ubongo wenye afya unazihitaji zote kwa uwiano wake. Wa Dismas ulijaa zenye marudio manne. Zikaachia njia, zikajikunja, na tau iliyojikunja vibaya ina tabia moja ya kishenzi, inamfundisha jirani yake kujikunja vilevile. Kila ugonjwa una mkunjo wake. Kanga ni ileile, ila kila nyumba inaikunja kivyake.

Taasisi yetu pale Morogoro inatengeneza funguo. Ufunguo ni tau ya kubuni; ukiuingiza kwenye uti wa mgongo unakwenda kukutana na mkunjo mbaya na kuufundisha kukunjuka. Unafanya kazi vizuri ajabu, ilimradi uwe umeuona mkunjo wenyewe, na mkunjo unaonekana kwenye ubongo uliochukuliwa ndani ya saa sita baada ya kifo, si zaidi. Atlasi ya dunia ilikuwa na mikunjo mia moja na ishirini. Wa Afrika Mashariki ulikuwa mmoja, nao ni wa Mswidi aliyefia Zanzibar akiwa likizoni. Funguo zote tulizomjaribia Leokadia zilimpita kama maji.

Ubongo wa baba yake ndio uliokuwa uhai wake, na haukuwa wake. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Dismas alikuwa wa ukoo wa mama yake, Leokadia wa ukoo wa mama yake yeye. Mwenye maiti alikuwa Mzee Pankrasi, kaka mkubwa wa Dismas tumbo moja, na Mzee Pankrasi alikwishakataa mara tatu. Mkuu wetu, Profesa Ndimbo, alikuwa amempelekea ofisa mwenye tai na fomu ya kurasa kumi na moja. Ukurasa wa nne ulisema ubongo utakuwa mali ya Taasisi. Mzee alisoma mpaka hapo, akaikunja fomu na kuirudisha kwa adabu zote.

Nilifika msibani saa tatu na nusu. Muda wangu ulikuwa unakwisha saa sita mchana.

Mimi ni Mnyamwezi. Sisi na Waluguru ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita chini ya milima yao na mizigo ya watu wengine kichwani. Mtani akiingia msibani haji kukaa. Anachota maji, anachimba, na zaidi ya yote anatukana, ili waliofiwa wapate pa kucheka. Basi nikaanzia pale pale uani.

"Miaka tisa mmemnunia, leo mnalia. Machozi haya mmeyaazima wapi?"

Mzee Pankrasi alikuwa ameketi mkekani, kofia mkononi. Ana miaka sabini na kitu, mwembamba, sauti kubwa kuliko kifua. Akainua kichwa na nikaona uso wake unafunguka.

"Nani amemruhusu mpagazi huyu apite na sanduku? Biashara ya kubeba ilikwisha zamani, mwenzetu bado hajaambiwa!"

Watu wakacheka. Nami nikaenda nikasimama mlangoni pa chumba alimolazwa marehemu, miguu nimeitanua, mikono kiunoni.

"Hatoki mtu humu mpaka nipewe kichwa chake. Mlisema kimejaa kiburi. Nipeni nikakipime kilo."

Akina mama walishika mbavu. Mzee Pankrasi alijifuta macho kwa kofia, kilio na kicheko vikiwa vimechanganyika.

"Chukua, mpagazi! Chukua ubongo na kiburi chake, ukale na ugali! Sisi kilitushinda!"

Shahidi akatetemeka kifuani pangu. Mwenye maiti ametambulika. Ridhaa ya hiari. Asilimia tisini na saba.

Nilikuwa natania, au ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilikuwa nimeshakiwasha kidude kile nikiwa bado njiani, kabla sijaziona hata nyumba zao, na mtu anayekwenda kutania hawashi Shahidi.

Kabla wanaume hawajaanza kumwosha niliomba dakika kumi nimtoe marehemu mpira wa chakula puani. Ni kazi ya daktari, hakuna aliyeuliza. Mpira ukatoka, sindano ndefu ikaingia njia ileile mpaka kwenye shina la ubongo, nikatoa kipande kisichozidi punje mbili za maharage. Nikamfuta pua. Nikamwambia Dismas samahani, kwa sauti ya chini, kama vile samahani hiyo ingeweza kumfaa. Saa tisa tulimzika. Nilitupa udongo na kuimba na wenzangu, na sanduku la barafu lilikuwa kwenye gari la waya likinisubiri.

*

Mkunjo wa mia moja na ishirini na moja ulionekana baada ya siku nne. Ulikuwa na kona mahali ambapo mingine yote ina mstari ulionyooka. Ufunguo wake ukachukua wiki nne kutengeneza. Kwenye chombo cha majaribio, seli zilizokuzwa kutoka kwenye damu ya Leokadia zilianza kufunguka ndani ya siku mbili. Nililia mbele ya darubini. Hilo nakiri bila aibu.

Profesa Ndimbo aliniita ofisini. Ni mtu anayevaa koti jeupe siku za wapiga picha, siku nyingine hulioni. Mgeta hajapanda hata mara moja. Alikuwa ameipata rekodi ya Shahidi.

"Tisini na saba!" alisema. "Mimi sijawahi kuvuka themanini na nne. Tuisikilize."

Tukaisikiliza. Profesa amezaliwa Mbinga, na Mbinga kuna watani. Alicheka kila mahali palipostahili kucheka. Aliposikia habari ya ugali alipiga meza. Kisha akazima, akavua miwani, na uso wake ukarudi kuwa wa barua rasmi.

"Unajua alikuwa anatania," nikasema.

"Najua."

"Basi hiyo si ridhaa."

"Daktari Kalunde, sheria haijui utani. Tusianze kuifundisha sisi." Akaivaa tena miwani. "Au unataka nimpigie simu mwalimu wako wa hesabu, nimwambie umepata mashaka?"

Nilitoka mle ndani nikimdharau mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Ila nilitoka kimya. Dharau ni rahisi sana ukiwa na ufunguo kwenye friji.

Leokadia alikuja Jumatatu ya wiki ya sita, magoti na visigino vya mikono vimefungwa bandeji. Alikuwa ameanguka ubaoni mbele ya darasa la nne. Macho yake yalikuwa yameanza ule ubishi. Alipotaka kuona kiti alilazimika kuinamisha kichwa chote. Nikamwambia ufunguo upo, tungemchoma Alhamisi.

Hakufurahi haraka. Walimu wa hesabu ndivyo walivyo, wanataka kuona njia kabla ya jibu.

"Umetoka kwa baba?"

"Umetoka kwa baba yako."

"Na Baba Mkubwa alikubali?"

"Alikubali."

"Alikubali kwa kusema?"

"Kwa kusema. Mbele za watu."

Ndipo akalia. Alisema amekaa miezi yote hii akimchukia mzee yule kimoyomoyo, kumbe alikuwa amemwonea. "Nitampigia leo hii nimshukuru," alisema. Nilitaka kumwambia asipige. Nikatafuta sababu ya kumpa, sikuipata isiyokuwa ya uongo, na kwa asubuhi moja nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha.

*

Mzee Pankrasi alifika Taasisi kesho yake, saa nne. Alivaa suti ya kanisani na kwapani ameshika jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Mlinzi alitaka kumzuia yule jogoo. Mzee akamwambia jogoo ana miadi na mpagazi.

Kwa desturi, vitu ambavyo watani hunyakua msibani hukombolewa kabla ya arobaini. Mtani wa Kizigua aliyekimbia na jembe alikuwa amekwisharudisha jembe na kupewa kuku wake. Aliyechukua sufuria vivyo hivyo. Mzee Pankrasi aliketi mbele ya meza yangu, jogoo magotini, akaanza kwa kicheko.

"Nimekuja kukomboa kichwa cha mdogo wangu. Bei yako ndiyo hii, hapungui na haongezeki." Kisha kicheko kikapungua chenyewe. "Halafu Leokadia jana amenipigia analia. Ananishukuru. Mara dawa, mara ubongo. Nikasema, huyu mtoto ugonjwa umeshapanda. Au wewe umemwambia nini?"

Ningeweza kusema ndiyo, ugonjwa umepanda. Lilikuja mpaka mdomoni neno hilo. Badala yake nilimweleza yote, kuanzia mpira wa puani. Nikamwonyesha namba ya Shahidi. Nikamwambia friji iko mlango wa tatu.

 Jogoo akajisogeza, Mzee akamtuliza kwa kiganja bila kumwangalia.

"Ungeniuliza bila kucheka ningekataa," alisema mwishowe.

"Najua."

"Na ulijua siku ile."

"Nilijua."

"Basi hukunitania." Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Mimi nilikuwa na maiti ndani. Nimekesha. Wewe umekuja umenichekesha, nikakushukuru moyoni, nikasema afadhali huyu amefika. Kumbe unaniwinda."

 Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, wenye tai, wenye mahubiri, wenye viti vya kuzunguka, na siku zote nilijiona nimesimama mahali pa juu kidogo. Pale mbele ya suti ile ya kanisani nilijiona jinsi nilivyo, nikaona sina tofauti na yeyote kati yao.

"Mtoto atapona?" akauliza.

"Nadhani atapona. Bila ufunguo hatapona."

"Na nikikataa sasa?"

"Kipande kinachomwa, na ufunguo unachomwa. Ndiyo sheria."

Akakitazama kile kidude kwenye koti langu kwa namna ambayo nisingependa kutazamwa mimi.

"Kiwashe. Nataka niseme kwa akili zangu. Na ukae ukijua, kuanzia leo wewe si mtani wetu. Wewe ni daktari."

Nikakiwasha. Lilikuwa kosa langu la pili, na hili nililifanya kwa uaminifu; sikufikiri, nilitaka tu kwa mara moja jambo hili liwe la kweli. Mzee akaketi wima.

"Mimi Pankrasi Mkude. Nimekubali ubongo wa mdogo wangu Dismas umtibu mwanawe, na wengine wenye maradhi kama yake. Usiwe mali ya mtu."

Sauti ilimtetemeka kwenye jina la Dismas. Shahidi akatoa taa nyekundu na ile sauti yake ya mwanamke aliyelala vizuri: "Asilimia thelathini na moja. Huzuni. Hasira. Msukumo unashukiwa. Ridhaa ya awali imefutwa. Majaribio mawili yamebaki."

Kutoka mlango wa tatu tulisikia kufuli la friji likijifunga.

"Inasema nini?" Mzee akauliza.

"Inasema hukumaanisha."

Mzee alitukana kwa Kiluguru, tusi refu, na halikuwa la utani. Nikamsihi anywe maji, apumue, afikirie shamba. Akajaribu tena, taratibu, neno baada ya neno, kama anatoa ushahidi mahakamani. Hamsini na nne. Jaribio moja limebaki. Likishindikana, friji, iliyounganishwa na Shahidi, ingeuchoma ufunguo ndani ya saa moja, na hakuna mkono wa binadamu wa kuizuia. Nilisimama nikazunguka meza nikaketi tena. Nilikuwa nimemuua Leokadia kwa kusema ukweli, baada ya kumwokoa kwa hila.

"Siku ile nilipata ngapi?" Mzee aliuliza.

"Tisini na saba."

"Nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa unacheka."

Akamweka jogoo chini, sakafuni, akafungua kifungo cha juu cha shati. "Basi nichekeshe."

"Mzee, umesema mimi si..."

"Nimesema, na sijafuta. Nichekeshe, daktari. Mtoto yule ana muda?"

Nilimwita mla mchicha. Hakucheka. Nilisema suti yake imekuwa ya ukoo mzima, wanaivaa kwa zamu. Alinitazama tu, kwa heshima, kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Tusi likitoka kwa asiye mtani linabaki tusi, nami nilikuwa nayasikia yangu yakianguka mezani moja moja. Mwishowe niliishiwa. Nikamwambia jambo ambalo sikukusudia liwe la kuchekesha, nililisema kwa uchungu wangu tu.

"Jana Profesa amepeleka jina la ule mkunjo kwenye atlasi ya dunia. Ameuita Ndimbo. Jina lake mwenyewe."

"Ameita nini?"

"Uliokuwa kichwani mwa Dismas. Kwenye vitabu vyote utaandikwa Ndimbo."

 Mdomo ukamcheza Mzee Pankrasi pembeni.

"Yaani miaka tisa," alisema, "tunasema Dismas ana kiburi, Dismas ana kiburi. Kumbe humo ndani alikuwa amekaa Profesa!"

Na kikampanda. Kicheko kikubwa cha milimani, kilichomkunja mpaka paji la uso likagusa meza, jogoo akapiga kelele sakafuni. Nikakibonyeza kidude. Katikati ya kicheko, machozi yanamtiririka, alipaza sauti: "Nimekubali! Mimi Pankrasi, nimekubali! Mpeni mwanangu apone, na huyo Profesa mtoeni humo!"

Asilimia tisini na sita. Kijani. Friji ikafunguka.

Aliendelea kucheka baada ya taa kuzima. Baadaye kidogo hakikuwa kicheko tena, na mimi niliangalia ukuta ili apate faragha. Alipomaliza alifunga kifungo cha shati, akainama, akamwokota jogoo. Nilidhani atamweka mezani. Akamrudisha kwapani.

"Arobaini ni Jumamosi," alisema akiwa mlangoni. "Karibu, daktari."

Alhamisi nilimchoma Leokadia ufunguo mimi mwenyewe. Jumamosi nilipanda Mgeta. Watani walikuwa uani, wanagombania makoko ya wali na kuwatukana wafiwa mpaka baba zao, na watu wanacheka. Nilipoingia walipunguza sauti. Mzee Pankrasi alinipa mkono, akaniuliza habari za safari, akaagiza niletewe kiti, kile kizuri chenye mto. Nikakikalia kutwa nzima, karibu na padri, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitukana.